Moshi wa Eeddo Qamar

Ukitaka kuniona nimekasirika, niletee maelezo ya picha yanayoanza na "kazi yangu inachunguza". Inachunguza nini? Wewe ni polisi? Mimi hufundisha vijana wa mitaa ya Ziwani na Kariokor hapa Nairobi kuandika kuhusu kazi zao za sanaa, kila Jumamosi mchana pale ukumbi wa mtaa, na hilo neno nilishalipiga marufuku. Kijana anamchora mamake akianua nguo, picha nzuri mpaka unataka kuishika, halafu kando yake anabandika karatasi inayosema anachunguza uhusiano wa mwili na nafasi. Mamake mwenyewe akiisoma hawezi kujua kwamba anayezungumziwa ni yeye.

Njia yangu ni rahisi na kuna wanaoicheka. Simu kila mtu anayo. Nawaambia, chagua mtu mmoja wa nyumbani, yule asiye na subira kabisa, umtumie sauti kwa WhatsApp umweleze umetengeneza nini na kwa nini. Usiandike kwanza, ongea. Ukimaliza, sikiliza ulichosema, kiandike, ondoa pale ulipojirudia, basi. Ooko, ambaye hukata sura za watu kwa mabaki ya matairi anayookota kwa mafundi wa viatu vya akala sokoni Kariokor, alimtumia babake, mstaafu wa reli, sauti pamoja na picha. Mzee akajibu, "Huyo wa kushoto mbona ana kichwa cha Zedekiah?" Na kweli alikuwa mjomba wao Zedekiah. Ooko alikuwa ameshaandika nusu ukurasa juu ya ukoloni bila kumtaja mjomba hata mara moja.

Kawsar yeye alimtumia shangazi yake.

Huyu Kawsar ukimwona utasema ni mpole, na ukikaa naye wiki moja utajua ni mkaidi wa kutisha. Ana miaka kumi na tisa. Amezaliwa Nairobi, na babake Abdifatah, anayeuza ndoo na mabeseni kwa jumla, pia amezaliwa Nairobi. Wanaishi Ziwani, nyumba ya tatu kutoka tulikokaa sisi babangu alipokuwa bado anafanya kazi reli. Kwa hivyo mtu asije akanieleza mimi Kawsar ni wa wapi.

Kazi yake ilikuwa pazia kubwa, alilolishona kwa baati kuukuu za shangazi yake, zile kanzu nyepesi ambazo akina mama wa Kisomali huvaa nyumbani. Alikata katoni kwa umbo la viatu: ndara, makubadhi, raba za shule, akavipachika kwenye kitambaa kwa pini. Halafu akalitundika lile pazia juu ya chetezo cha uunsi, ule ubani wao, kila siku kwa majuma mengi. Moshi uliligeuza pazia rangi ya chai ya rangi. Alipobandua katoni, viatu vikabaki vyeupe, vimejipanga chini kwenye upindo. Nilipoliona nilipiga magoti nikavihesabu vile viatu kimoja kimoja.

Ile sauti aliyomtumia shangazi ilikuwa ya dakika tatu hivi, nusu Kisomali nusu Kiswahili. Shangazi, ambaye yeye humwita Eeddo Qamar, alijibu kwa kumtukana kwanza kwa kuharibu nguo, kisha akauliza kwa nini viatu vyake mwenyewe havimo. Darasa zima lilicheka. Kutokana na hayo Kawsar aliandika maelezo haya, na hata neno moja ndani yake si langu:

"Hizi ni baati kuukuu za Eeddo Qamar. Alikuja kwetu kututembelea siku chache na bado yuko. Mgeni akiingia, yeye huwasha uunsi, hata kama mgeni ni mtu wa kusoma mita ya maji. Nilizuia moshi kwa katoni ili viatu vya wageni vibaki vyeupe. Viatu vya eeddo havimo kwa sababu yeye huvaa vya mama."

Niambie kuna nini cha kuongeza hapo.

Kuna jambo moja tuliloliacha nje, na tuliliacha tukijua. Eeddo Qamar, binamu yake Abdifatah aliyezaliwa Somalia, alitoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Alipewa ruhusa ya kuja hospitali Nairobi kwa majuma mawili, majuma yakaisha, ruhusa ikaisha, yeye akabaki. Yeye ndiye hupika, yeye ndiye hulala chumba kimoja na Kawsar. Hilo la ruhusa halikuwa la kuandikwa ukutani, na Kawsar hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Kulikuwa na sababu nyingine. Miezi hiyo yote Kawsar alikuwa akingoja kitambulisho. Mimi nilipotimiza miaka kumi na minane nilikwenda na cheti cha kuzaliwa nikapata changu bila mtu kuniuliza babu yangu alizikwa wapi. Lakini zamu ya Kawsar ilipofika, Msomali wa Nairobi alikuwa akiitwa mbele ya kamati ya kuhakiki uraia, aketi pale wamchambue. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, chuo hakikuandikishi, na askari akikusimamisha barabarani huna la kumwonyesha. Kitu cha kukumaliza kabisa mbele ya kamati ile ni karatasi yoyote inayosema wewe ni mkimbizi. Kawsar alikuwa ameitwa siku ya Jumanne. Maonyesho yalikuwa Jumamosi iliyotangulia.

Maonyesho yaliandaliwa na shirika linalochukua kazi za vijana wa Eastlands na kuzipeleka kwenye jumba la sanaa upande wa Westlands. Mratibu wake ni Sydney. Sydney amekulia Kware, ghorofa ya sita, maji ya kubeba kwa mtungi, kwa hivyo siwezi hata kujidanganya kwamba hajui maisha yetu. Alichukua maelezo ya vijana wangu wote akaniambia, "Mwalimu Roseline, haya ni safi sana. Sisi tutatafsiri tu kwa Kiingereza." Akasema tafsiri tu. Nami nikamwamini, mtu mzima mzima.

Nilifika saa nane mchana. Kuta nyeupe, juisi kwenye glasi za miguu mirefu, watu wanaongea kwa sauti za chini. Pazia la Kawsar walilitundika vizuri, hilo siwanyimi. Taa ilipigwa kutoka juu mpaka ungedhani unaweza kuvivaa vile viatu. Nikavimba kichwa kidogo. Halafu nikasoma karatasi iliyobandikwa kando.

Ilisema kwa Kiingereza kwamba Kawsar alizaliwa katika kambi ya wakimbizi. Ilisema moshi ule ni wa mji uliochomwa. Viatu ni vya waliokufa njiani wakikimbia, na msichana huyu, ambaye bado anaota milio ya bunduki, hushona vidonda vya taifa lake kwa sindano. Mambo ya mita ya maji hayakuwepo. Mama ambaye viatu vyake huvaliwa na wifi yake hakuwepo. Juu kabisa, kwa herufi nene, waliandika majina yote matatu ya Kawsar.

Nilisoma tena, labda macho yananichezea. Kawsar alikuwa amesimama nyuma yangu na yeye anasoma, polepole, kidole kikifuata mistari hewani.

"Mwalimu," akasema, "wameandika jina langu lote."

Nikamtafuta Sydney. Nilimkuta karibu na meza ya sambusa akicheka na mgeni mmoja, nikamshika mkono wa koti na kumvuta kando mbele ya huyo mgeni, na sikuomba radhi.

"Hii ndiyo tafsiri?" nikamuuliza.

"Mwalimu, tafsiri si neno kwa neno. Watu wa hapa wanahitaji muktadha."

"Muktadha gani? Msichana amezaliwa hapa Nairobi. Huo mji uliochomwa uko wapi, Kariokor?"

"Lakini nyumbani kwao kuna mtu wa kambini. Aliniambia mwenyewe, kuhusu shangazi."

"Alikwambia kwa sababu ulimuuliza kama mtu wa nyumbani. Ulikuwa unakula kwenye sahani yake ukiandika kitabu?"

Aliinamisha kichwa. Ningejua la kufanya na mtu mbaya, lakini Sydney si mtu mbaya. Aliongea kwa upole kabisa. "Na mimi waliniandika hivyo," akasema. "Miaka ile nikichora. Waliandika nimelala barabarani. Sijawahi kulala barabarani, unajua. Lakini hiyo karatasi ndiyo ilinipeleka ng'ambo kusoma. Nataka Kawsar apate nafasi kama yangu."

"Jumanne ana kamati ya kitambulisho," nikamwambia.

Hapo rangi ilimtoka. Kijana wa Kware anajua kamati ni nini hata kama yeye hakupelekwa. Alianza kusema angechapisha nyingine wiki ijayo, angezungumza na wakubwa wake, angeona. Sikungoja amalize. Nilirudi kwenye ukuta nikang'oa ile karatasi. Ilikuwa imegundishwa kwenye kipande cha ubao mwepesi kwa gundi ya kazi, ikatoka na rangi ya ukuta. Mlinzi akaja. Nikamwambia aniguse aone cha mtema kuni. Hakunigusa, na mimi nikaitia karatasi kwenye mkoba.

Niliona nimefanya kitu. Ujinga mtupu. Wakati mimi napigana na gundi, shirika lilikuwa tayari limeweka picha mtandaoni, Kawsar akitabasamu kando ya pazia lake na yale maelezo yote chini yake. Na kakake Kadar, Mungu amsamehe, alikuwa ameshaisambaza. Alituma kwa kundi la familia, kundi la majirani wa ploti na kundi la vijana wa msikiti, akaandika, "Sistangu ako famous, mjue." Wajomba walituma maua na mikono ya dua. Hakuna aliyesoma yale maelezo. Waliona binti yao anatabasamu na nguo nzuri, Kiingereza kingi chini yake, wakasema mashallah, wakatuma mbele. Hivyo ndivyo sisi tulivyo, furaha ikiingia nyumbani lazima jirani aisikie.

Sydney aliiondoa jioni hiyo hiyo. Ilikuwa imeshafika kila mahali.

Jumanne nilikwenda na Kawsar, kwa sababu babake alisema mwalimu ana heshima yake na huenda wakamsikiliza. Nilivaa suti yangu ya mazishi. Nikabeba kitu nilichodhani ni silaha yangu: yale maelezo ya kweli, ya Kiswahili, mistari mitano, nimeyachapisha kwenye karatasi safi. Tukiwa kwenye foleni Kawsar aliniuliza kama ni lazima kuyatoa. Nikamwambia ukweli ndio utatusaidia, asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani.

Chumbani alikuwamo afisa mmoja nyuma ya meza, na wazee watatu kwenye viti vya plastiki. Mzee mmoja alikuwa kwenye moja ya yale makundi ya Kadar. Alitoa simu yake bila ubaya wowote, karibu kwa aibu, akampa afisa. Afisa alisoma mpaka mwisho. Kisha akamtazama Kawsar.

"Hapa panasema ulizaliwa kambini."

"Si kweli," Kawsar akasema. "Nimezaliwa hapa. Cheti ndicho hicho mbele yako."

"Cheti nakiona. Na hii naiona. Sasa nani aliandika uongo?"

Hapo ndipo mimi nilipoinuka. Nikasema mimi ni mwalimu wake, nikaeleza habari ya tafsiri, nikasema haya hapa ndiyo aliyoyaandika mwenyewe kwa mkono wake. Nikaweka karatasi yangu safi mezani. Afisa aliivuta karibu akaisoma. Nilikuwa nimesimama pale kifua mbele, namngoja acheke akifika kwenye mita ya maji.

Hakucheka. Alirudisha kalamu kwenye mstari wa pili.

"Huyu Qamar," akasema, "alikuja kutembea akitokea wapi?"

Kalamu ikasogea kidogo.

"Na 'bado yuko' maana yake nini? Yuko Ziwani sasa hivi? Ana karatasi gani?"

Kawsar alinitazama mimi. Mimi nikaitazama ile karatasi yangu safi. Afisa hakupandisha sauti. Alisema hawezi kupitisha faili yenye hadithi mbili zinazopingana. Ama tumlete huyo shangazi na karatasi zake aje aeleze mwenyewe, ama Kawsar aandike maelezo mengine, ayatie sahihi, yanayoeleza vizuri hii picha ni ya nini na hao watu ni akina nani. Akampa karatasi tupu. Akasema tukaandikie nje, watu walikuwa wengi.

Tulikaa kwenye benchi ya korido, katikati ya mama mmoja anayenyonyesha na mzee mwenye bahasha. Kawsar aliweka ile karatasi juu ya goti. Nilikuwa na hasira, na sikujua niitupe wapi. Kwa Sydney, kwa wale wenye glasi za miguu mirefu, kwa afisa ambaye kusema kweli alikuwa anafanya kazi yake, kwa Kadar na vidole vyake. Na kwangu, nasema wazi, kwangu zaidi ya wote, mimi na sauti yangu ya darasani.

"Nikimleta, watamrudisha kambini," Kawsar akasema. Hakuwa analia. "Ama watamshika hapa hapa."

"Humleti," nikasema.

"Basi niandike nini?"

Vijana wangu wote wananijua kwa jambo moja, kwamba siandikii mtu. Ukiniletea maelezo nitakuuliza maswali mpaka uchoke, lakini kalamu siishiki. Kawsar alinipa kalamu.

"Wewe ndiye unajua maneno yao," akasema. "Nisaidie. Mimi nikiandika nitamweka tu, hata nisipotaka. Kila kitu kwenye hiyo kazi ni yeye."

Nikaichukua. Nikaandika kwamba mimi, na hapo nikaweka majina yake yote matatu, ni mwanafunzi wa sanaa, na kazi iliyotajwa ni ya kubuni tu. Nguo zilinunuliwa mitumba Gikomba. Jina Qamar ni la mhusika wa kubuni, na nyumbani kwetu hakuna mtu mwenye jina hilo wala hajawahi kuwepo. Kuhusu viatu nilikwama, nikamuuliza tuseme ni vya nani. Kawsar alifikiri kidogo.

"Sema si vya mtu," akasema.

Nikaandika kwamba viatu si vya mtu. Nilipofika kwa moshi nilitafuta neno, na neno lililokuja lilikuwa lile lile. Nikaandika kwamba kazi hii inachunguza matumizi ya moshi kama rangi. Kawsar alisoma yote, akaomba niongeze kwamba yeye hana shangazi, ili wasimuulize tena. Nikaongeza. Akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri, polepole, na mama aliyekuwa ananyonyesha akasogea ampe nafasi ya kiwiko.

Tukarudi ndani. Afisa aliisoma yote, akaipitisha kwa wazee, nao wakaitikia kwa vichwa kuonyesha wameridhika. Akapiga mhuri kwenye faili na kusema kitambulisho kikiwa tayari atapigiwa simu. Kisha akaichukua tena ile karatasi, akaitazama.

"Hii sasa imeandikwa vizuri," akamwambia Kawsar. "Inaeleweka. Mngeanza na hii."

Kawsar alisema asante. Afisa akanigeukia mimi, akingoja, na mimi nikasema asante.